Neno Alilolitaka Mgeni

Mchungaji Fabien alimkuta Kidawa saluni kwa Félicité, akasimama mlangoni huku amevua kofia, kama mtu aliyekuja kuomba kitu ambacho hana hakika atapewa.

"Dada Kidawa, Tito, mkalimani wetu, eko mgonjwa wa koo," alisema. "Sauti yote imepotea. Na mgeni wetu wa Amerika anafika dimanche. Hatuna mtu wa kutafsiri."

Kidawa akacheka. "Mchungaji, mimi ni Mwislamu. Hilo si unalijua?"

"Nalijua vizuri. Sikuiti uombe, nakuita utafsiri. Mgeni atasema juu ya mayatima na vita ya kwetu. Na Félicité atatoa ushuhuda."

Félicité alikuwa amesimama nyuma ya kiti, vidole vyake vikisuka nywele za mteja. Hakugeuka. "Kuya, dada," alisema. "Ile maneno yangu siwezi kumupa mtu mwingine aibebe."

Basi hilo ndilo lililomfanya Kidawa akubali. Yeye alikuwa Mzanzibari, mtoto wa Makunduchi, na miaka yake mingi Durban alikuwa ameila kwa ulimi: hospitali ikiletewa mgonjwa Mkongo asiyejua Kiingereza wala Kizulu, aliitwa Kidawa; mkimbizi akisimamishwa mahakamani, aliitwa Kidawa. Sifa yake ilikuwa moja. Mgonjwa akitukana, naye alitukana. Daktari akisema hakuna tumaini, naye alisema hakuna tumaini, hata kama mama wa mgonjwa alikuwa amemshika mkono. Watu walimwogopa kidogo kwa hilo, na walimwamini kwa hilo hilo. Félicité alikuwa jirani yake kwenye jengo moja la ghorofa pale Berea, saluni chini, nyumba zao juu, ukuta kwa ukuta. Kisa cha kaka yake Félicité, aliyeuawa vitani huko Kongo, Kidawa alikuwa amekisikia vipande vipande tu, na hakuwahi kumdai kilichobaki.

"Kitu kimoja, dada," Mchungaji Fabien aliongeza, macho yakiwa chini. "Ile mtandio yako. Pardon. Kama ungefunga kilemba tu, kama mama za kanisa."

Kidawa alimtazama kitambo. "Kichwa kitakuwa kimefunikwa," alijibu. "Mengine ni yenu."

Jambo jingine lilimvutia, nalo hakulisema. Mgeni yule, Bwana Stroud, alitoka jimbo lile lile la Marekani alikokuwa akiishi mdogo wake Machano. Machano alikuwa akikata nyama kwenye kiwanda, ana mke na watoto, na kila akipiga simu alilalamikia theluji. Kidawa alijiambia kwamba ibada ikiisha atamsogelea mgeni amwambie: ndugu yangu yuko kwenu, tumeshakuwa majirani.

Jumapili ikafika. Kanisa lilikuwa ghala la zamani huko Jacobs, katikati ya viwanda, na harufu ya rangi na mafuta ya mashine ilikuwa bado haijatoka ukutani. Joto lilikuwa limelala juu ya mabati. Watu walijaa mpaka mlangoni, wengi wao wa mashariki ya Kongo. Kijana wa kanisa alikuwa amefunga simu kwenye kijiti ili ibada irushwe kwenye ukurasa wao, kama kila wiki. Lakini safari hii kulikuwa na kamera nyingine, kubwa, ya mwanamume aliyekuja na mgeni, nayo ilisogea na kuinama kama mnyama anayenusa.

Bwana Stroud alikuwa mrefu, sauti yake laini. Alimpa Kidawa mkono kwa mikono miwili, akamshukuru hata kabla hajafanya kazi. Mchungaji akamtambulisha kwa watu: "Dada yetu kutoka Tanzania." Jina hakulitaja.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Mgeni alizungumza juu ya njaa na subira, na machozi yalimlenga kweli. Kidawa alimfuata sentensi kwa sentensi. Mkalimani hasemi "huyu anasema kwamba." Husema "mimi," kana kwamba maneno yamezaliwa kinywani mwake. Kwa hiyo Kidawa alisema, "Mimi nimekuja kujifunza kwenu," na watu wakamjibu amina.

Kisha Bwana Stroud akaacha kuwatazama watu, akaanza kuitazama kamera.

"Mwaka huu nagombea Bunge la Marekani," alisema kwa Kiingereza, na Kidawa akalifikisha kwa Kiswahili. "Katika jimbo langu kuna mji mdogo. Pale palipokuwa na ukumbi wa michezo, sasa wanataka kujenga msikiti." Akautaja mji. Ulikuwa mji wa Machano.

Ulimi wa Kidawa ulijikwaa, ukasimama, ukaendelea.

"Mimi nawaambia watu wangu, Waislamu hawaji kuishi nasi," mgeni alisema. "Wanakuja kutumeza."

"Mimi nawaambia watu wangu," Kidawa alisema kwenye kipaza sauti, kilemba kikimbana kichwa, "Waislamu hawaji kuishi nasi. Wanakuja kutumeza."

Amina za safari hii zilikuja kwa mafungu. Watu wachache walipiga makofi. Wengine, waliokuwa wakimfahamu, walimtazama usoni kama mtu anayemtazama mwenzake akipita juu ya ubao mwembamba. Kidawa alimtafuta Mchungaji Fabien kwa macho. Mchungaji alikuwa akisoma Biblia iliyofungwa.

Ndipo Félicité akaitwa mbele.

Alisimama kati ya mgeni na Kidawa, amevaa kitenge chake cha kijani, mikono imeshikana tumboni. Alisema polepole, na Kidawa akawa anamfuata kwa Kiingereza.

"Walikuya asubuhi. Tulikuwa mu shamba ya kakao, karibu na Beni. Kaka yangu anaitwaka Jacques. Jacques alisikia mbwa zinalia, akaniambia nilale mu majani, nisiinue kichwa. Yeye akakimbia upande ingine, akipiga kelele, ili wamufuate yeye. Wakamufuata. Miye nilikuwa nasikia. Waasi walimukata na mapanga."

Kidawa alisema waasi kwa Kiingereza, neno lililo sawasawa na lile.

Bwana Stroud alifunika kipaza sauti chake kwa kiganja, akamwinamia. "Sema Waislamu," alimnong'oneza. "Ndicho anachomaanisha."

"Amesema waasi," Kidawa alimjibu, kwa sauti ya chini pia.

"Wewe unajua walikuwa nani."

"Mimi sikuwepo. Yeye alikuwepo. Muulize."

Uso wa mgeni ulikaza kidogo tu, kisha tabasamu likarudi mahali pake. Akafunua kipaza sauti. "Dada yangu," alimwambia Félicité, "wakati wanamuua kaka yako, watu wale walikuwa wakisema nini?"

Kidawa aliligeuza swali. Macho ya Félicité yalimwendea Kidawa, yakatoka, yakarudi. Juu, mabati yalikuwa yakilia kwa joto.

"Walikuwa wanapiga kelele," alisema mwisho. "Allahu akbar. Njo walikuwa wanasema."

Maneno yale Kidawa alikuwa ameyasema alfajiri ile ile, juu ya mswala, kabla ya kufunga kilemba. Sasa alitakiwa ayabebe kutoka shamba la kakao lenye damu ayatue mbele ya kamera ya mtu huyu. Angeweza kuyapunguza. Angeweza kusema tu kwamba walipiga kelele. Lakini Félicité alikuwa amemtazama, na kile kilichotokea kilikuwa kimetokea.

Akayasema yote, neno kwa neno, kwa sauti isiyotetemeka.

Kanisa likaguna.

"Basi walikuwa Waislamu," Bwana Stroud alisema, na hakumwambia Félicité, aliiambia kamera. "Dada yangu, tazama pale. Waambie Wamarekani. Waambie wasiwaruhusu kuingia."

"Wasimuruhusu nani?" Félicité aliuliza.

Kidawa akauliza kwa Kiingereza. Mgeni akajibu. Kidawa akarudisha jibu: "Waislamu."

Félicité aliachanisha mikono yake. Hakuitazama kamera. Alimtazama mgeni usoni, juu, kwa sababu alikuwa mfupi.

"Huyu anayesema mahali pako iko Mwislamu," alisema. "Jina yake Kidawa. Anakaa nyuma ya ukuta yangu. Na kwetu, imamu wa mtaa walimuua mbele ya mlango wa msikiti yake, kabla hawajamuua Jacques, sababu alisema mabaya yao. Donc unataka nifungie nani mlango?"

Katika miaka yote ya kazi Kidawa hakuwahi kulitaja jina lake mwenyewe kama la mtu mwingine. Lakini kazi ni kazi. Akavuta pumzi, akamgeukia Bwana Stroud, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka: "Mtu huyu anayesema badala yako ni Mwislamu. Jina lake Kidawa." Akaendelea mpaka kwenye imamu, mpaka kwenye mlango, akamaliza na alama ya kuuliza ikaning'inia hewani.

Kisha kutoka nyuma sauti ya mwanamume ikapaa: "Mwislamu mu altari yetu? Pasteur, ni nini hii?" Mwingine akamwambia anyamaze. Viti vikalia. Mtu wa kamera alimtazama bosi wake, akingoja ishara.

Bwana Stroud alikuwa mwepesi. Alicheka kwa upole, akamwekea Kidawa mkono begani. "Basi tumshukuru Mungu," alisema, "kwa wale wachache wapole kama huyu."

Na hilo pia Kidawa alilitafsiri, mkono wa mgeni ukiwa bado begani mwake. Alipomaliza akalisogeza bega, mkono ukaanguka.

Mchungaji akaanzisha wimbo kabla ya wakati wake. Ibada ilipokwisha mgeni hakumsogelea tena, na Kidawa hakuwa na la kumwambia juu ya ndugu. Nje, mama mmoja aliyemjua toka hospitali alimpita bila salamu. Yeye na Félicité wakapanda taxi ya kurudi mjini, wakakaa bega kwa bega mpaka gari liliposimama kwenye robot, taa ikiwa nyekundu.

"Umenikasirikia?" Félicité aliuliza.

"Kwa lipi?"

"Kwa ile nilisema walipiga kelele."

"Si ndivyo walivyopiga?"

"Njo vile."

"Basi." Taa ikageuka, taxi ikaruka. Baadaye Kidawa akaongeza, "Lakini yaliniuma, Félicité. Wallahi yaliniuma."

"Najua. Nilikuona."

Wiki zikapita. Kidawa alikuwa ameanza kuisahau shughuli ile, au kujidanganya kwamba ameisahau, pale Machano alipopiga simu saa ambayo si ya kawaida yake, mchana wa huku, asubuhi mbichi ya kule. Hakuanza kwa theluji.

"Dada, shikamoo. Nimekutumia kitu. Kisikilize kwanza, nakungoja."

Lilikuwa tangazo la kampeni, fupi, la televisheni. Uso wa Félicité ulijaa kwenye kioo, ukilia. Maneno yake ya Kiswahili yalikuwa yamezimwa. Juu yake ilipanda sauti ya mwanamke kwa Kiingereza, tulivu, safi: walikuja asubuhi, wakamkata kwa mapanga, walikuwa wakipiga kelele Allahu akbar. Kisha picha ya jengo kuukuu lenye bango la ombi la msikiti. Kisha Bwana Stroud, tai nyekundu, akisema kwamba Afrika inatuonya, je, tutasikia?

"Ni sauti yako, si ndiyo?" Machano aliuliza.

"Ni yangu."

"Jengo lile ndilo letu. Tunaswali chumba cha nyuma sasa hivi, ndilo tuliloliomba liwe msikiti. Tangazo linapita kutwa, dada. Lilikuwa kwenye televisheni ya chumba cha mapumziko, kazini, watu wote wapo. Nikasikia sauti iliyonilea, inasema vile. Nikaacha chakula. Mke wangu haendi tena dukani peke yake. Juzi mtu kamfuata mpaka kwenye gari, anamwuliza yeye ni wa kundi gani. Niambie kweli. Ulilipwa?"

Kidawa alikaa kitandani. "Nililipwa na kanisa, kwa siku ile. Kutafsiri. Wamekata, Machano. Kuna mengi nyuma, wameyakata."

"Mimi nakuamini. Hapa nani atakuamini?" Sauti yake ikapasuka. "Sikukasirikii. Lakini siwezi kuongea zaidi sasa." Simu ikakatika.

Kidawa alishuka ngazi bila kuvaa viatu vizuri. Félicité alikuwa peke yake saluni, akiosha vitana. Aliutazama ule ukanda wa picha mara ya kwanza. Akautazama tena. Mara ya tatu akaweka kidole kwenye kioo, juu ya uso wake mwenyewe.

"Jacques eko wapi?" aliuliza.

"Vipi?"

"Nilisema jina yake. Nilisema alikimbia ili wamufuate yeye. Nasikiliza, siisikii. Wamebeba machozi yangu, wamemutupa Jacques." Akajifuta mikono, akafunga saluni kwa kufuli ingawa mteja alikuwa ameahidiwa. "Twende kwa Pasteur."

Mchungaji Fabien alikuwa akikaa Cato Manor, nyumba ndogo mtelemkoni yenye ua wa saruji. Aliwapa viti vya plastiki, akawaletea maji. Alipoona wanachotaka, alikaa nao mbali kidogo.

"Ile ibada tuliiondoa kwenye ukurasa wa kanisa siku ile ile," alisema. "Watu waliniandikia vibaya. Kwa nini Mwislamu madhabahuni, kwa nini hivi, kwa nini vile. Nilitaka amani."

"Lakini picha unayo," Kidawa alisema.

"Mgeni alitoa ahadi ya mabati mapya. Kanisa linavuja, dada. Na siasa ya Wamarekani si vita yetu. Wapigane wao na wao."

Félicité alisimama. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Kidawa zaidi. "Siasa yao si yangu, vraiment. Lakini kifo ya Jacques ni yangu. Ulimupa mtu yule kifo ya kaka yangu akaifanya fimbo. Na fimbo inapiga watoto wa ndugu ya huyu. Pasteur, wewe ulizika mama yangu. Unanitazama namna gani?"

"Nikiirudisha, bwana yule harudi tena."

"Asirudi."

"Na wewe watakutenga. Saluni yako inakula kwa hawa hawa."

"Nimesikia."

Mchungaji alimgeukia Kidawa kana kwamba msaada ungetoka kwake. Kidawa alikuwa amejipanga njiani kusema mengi, juu ya kilemba, juu ya jina lake lililofichwa. Yote yakamtoka kichwani. "Sikuombi unitetee," alisema. "Ninaomba sauti yangu tu. Nirudishie."

Mchungaji aliinuka, akaingia ndani. Walimsikia akizungumza na mkewe Lyse, kwanza chini chini, kisha kwa ukali. Félicité alikuwa akivuta uzi uliochomoza kwenye kitenge chake, akiuzungusha kidoleni mpaka ncha ikawa nyeupe. Mwisho mchungaji akatoka na simu mkononi. Alikuwa amezeeka kidogo.

"Imerudi kwenye ukurasa," alisema. "Yote, toka wimbo wa kwanza. Nimeweka na jina lako, dada. Kidawa. Nilipaswa kulisema siku ile."

Félicité alimshika mchungaji mkono tu, kisha yeye na Kidawa wakaondoka.

Machano aliichukua ile picha nzima akaipeleka kwa wazee wa msikiti, nao wakaipeleka gazeti la mji. Gazeti likaandika. Ofisi ya Bwana Stroud ikajibu kwamba matangazo ni mafupi kwa asili yake, na kwamba kiini cha ushuhuda hakikubadilishwa. Tangazo liliendelea kupita. Siku ya kura za mchujo, Bwana Stroud alishinda, na kwa wingi.

Huku Durban nako mambo hayakuwa mepesi. Wateja kadhaa wa Félicité walihamia saluni nyingine upande wa pili wa barabara, wakawa wanapita mlangoni kwake wakiangalia simu. Kidawa naye alipigiwa na mwanamke mmoja wa msikitini kwao, akamsomesha: "Lakini wewe, kanisani ulikwenda kutafuta nini?" Taasisi moja iliyokuwa ikimwita kila mwezi ikaacha kumwita, bila maelezo. Hospitali iliendelea.

Machano alichelewa kupiga. Alipopiga, Kidawa alikuwa akishuka ngazi na kapu la nguo. Walisalimiana kama watu wanaopita kwenye sakafu yenye maji.

"Ameshinda yule," Machano alisema.

"Nimesikia. Watoto?"

"Wapo. Shule wanakwenda. Dada, kuna mzee mmoja kazini, Mzungu, tunakata nyama meza moja. Gari lake limebandikwa jina la Stroud nyuma. Tangu lile tangazo hatujasemeshana. Jana akanijia, anasema ameiona ile ndefu, mpaka mwisho. Nikajua leo tunagombana. Akaniuliza, yule mama anaendeleaje?"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia simjui. Nikasema nitamwuliza dada yangu."

Kidawa aliweka kapu chini. Mlango wa saluni ulikuwa wazi. Félicité alikuwa na mteja mmoja kitini, akigawa nywele kwa ncha ya kitana, mstari ulionyooka kutoka utosini. Kidawa alimweleza alichoulizwa, na nani aliyeuliza, na kwamba Machano yuko kwenye simu anangoja.

Félicité aliumaliza ule mstari kwanza.

"Mwambie niko muzima," alisema. "Kazi nafanya, kula nakula. Kulala njo bado."

Kidawa akayapeleka kwenye simu. Mteja aliinua macho kwenye kioo.

"Ni nani huyo?" aliuliza.

"Mtu wa Amerika," Félicité alisema, akichota mafuta kwa kidole.

"Anataka nini?"

"Hakuna. Anauliza hali."